Kadi Iliyopotea Si Ushahidi wa Uzembe

Mfano ufuatao hautamshangaza yeyote aliyewahi kuketi kwenye benchi la kliniki ya magonjwa sugu. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni Songea ana shinikizo la juu la damu. Amefika wiki mbili baada ya tarehe yake. Kadi ameiacha nyumbani Lizaboni, ndani ya mkoba ambao hakumbuki aliuweka wapi. Vidonge vingine vimebaki, vingine vimekwisha kabla ya wakati, kwa kuwa zipo siku alizosahau kumeza na zipo alizomeza mara mbili. Muuguzi, mwenye foleni ndefu mbele yake, anamwambia: "Mama, huu ni uzembe." Mama anainamisha kichwa. Anaandikiwa kadi mpya, kwa mwandiko uleule mdogo, na kuagizwa ajitahidi.

Mwezi unaofuata mambo hujirudia, au hayajirudii kabisa, kwa sababu mama ameona haya na kubaki nyumbani. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Shinikizo la damu halisubiri mtu ajipange. Huendelea kudhuru moyo, figo na ubongo kimyakimya, na wakati mwingine dalili ya kwanza huwa kiharusi.

Neno "uzembe" lina kasoro moja kubwa: halina tiba. Kujipanga ni kazi ya ubongo. Kukumbuka jambo la kesho, kuanza kwa wakati, kukadiria muda wa safari na kugawa kazi kubwa katika hatua ndogo ni kazi zinazotegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo na mawasiliano yake na sehemu nyingine. Uwezo huo hautoshani kwa watu wote, kama vile uwezo wa kuona usivyotoshana. Asiyeona mbali hakaripiwi ili aone, hupewa miwani.

Wapo ambao udhaifu huo wanao tangu utotoni, kwa sababu ya hali ya upungufu wa umakini ambayo kwa wengi huendelea hata utu uzimani. Wengine huupata baadaye kutokana na sonona, wasiwasi uliozidi, kukosa usingizi, pombe, tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, maambukizi ya VVU yasiyotibiwa au kiharusi kilichopita. Kwa hiyo swali la kwanza la mtaalamu liwe: "Hali hii ilianza lini?" Mtu aliyekuwa na mpango mzuri maisha yake yote, kisha akavurugika ndani ya miezi michache, anahitaji uchunguzi. Akivurugika ghafla, huku ulimi ukiwa mzito au upande mmoja wa mwili ukilegea, apelekwe hospitali saa ileile.

Hata akili yenye afya huelemewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa nchini India kabla na baada ya mavuno. Watu walewale walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri walipokuwa hawajavuna, fedha zikiwa chache, kuliko baada ya kuvuna. Mkulima wa Ruvuma hahitaji kuelezwa maana yake. Januari, palizi inamsubiri, mbolea inadai fedha, shule zimefunguliwa na mahindi ghalani yanapungua. Tarehe ya kliniki huingia katika kichwa ambacho tayari kimejaa.

Patakuwapo watakaosema kwamba mgonjwa akisaidiwa kila jambo atadekezwa, na kwamba mtu mzima awajibike mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, maana hakuna muuguzi awezaye kummezea mgonjwa dawa nyumbani kwake. Lakini wataalamu wenyewe hawaiamini kumbukumbu yao kiasi hicho. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane katika miji minane duniani, mmojawapo Ifakara mkoani Morogoro, zilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19. Ilikuwa karatasi ya mambo ambayo kila mpasuaji huyajua: jina la mgonjwa, mahali pa kupasua, idadi ya vifaa. Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna aliyesema wapasuaji wamedekezwa. Kama daktari bingwa anahitaji karatasi, muuza mboga hana sababu ya kuona haya.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Afya nayo ni mali. Ruvuma ina mfano wake ulio bora. Katika miteremko mikali ya Mbinga, Wamatengo hulima kwa ngoro: nyasi hufyekwa na kupangwa katika miraba, udongo huchimbwa katikati na kufunikwa juu yake, na mashimo yanayobaki huyazuia maji ya mvua yasikimbie na udongo. Mkulima hayakaripii maji. Huitengeneza ardhi ili maji yasimame yenyewe.

Mgonjwa anaweza kuitengeneza nyumba yake vivyo hivyo. Msumari mmoja ukutani, karibu na mlango, uwe wa mfuko mmoja wenye kadi, cheti cha bima na daftari dogo, na vitu hivyo visiwekwe kamwe mahali pengine. Dawa ifungamanishwe na jambo ambalo halisahauliki: "Nikimaliza kunywa uji, nameza." Mpango wa namna hiyo hushinda ahadi ya jumla ya kujitahidi, kwa kuwa uji wenyewe hugeuka kikumbusho. Kila kidonge kikimezwa, alama iwekwe kwenye kalenda. Asiyekumbuka kama amemeza asirudie bila kumuuliza mtaalamu. Dawa ziwe mahali pa juu, watoto wasipofika. Kengele ya simu ni msaidizi mzuri, na mtoto mkubwa au jirani anayekumbusha kwa heshima ni bora zaidi. Anayevurugwa na mambo mengi aanze na moja. Likishakuwa mazoea, ndipo aongeze la pili.

Wajibu mwingine ni wa watoa huduma. Kadi iliyoandikwa "8:00" inaweza kumleta mgonjwa saa nane mchana, kliniki ikiwa imekwisha. Iandikwe "saa mbili asubuhi". Bahasha yenye "1x3" haimwambii kila mtu kwamba ni asubuhi, mchana na usiku. Mgonjwa mwenye kisukari na shinikizo la damu asipewe siku mbili tofauti ikiwa moja inawezekana. Panapokuwapo dawa ya kumeza mara moja kwa siku inayomfaa, ipendelewe. Aliyetulia, anayetoka mbali kama Namtumbo au Nyasa, apewe dawa za miezi kadhaa pale mwongozo unaporuhusu. Kabla hajaondoka, aulizwe: "Utaikumbukaje tarehe hii?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama mpango upo.

Lugha nayo irekebishwe. Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani liliacha kutumia katika takwimu za kifua kikuu neno la kulaumu kwa mgonjwa aliyekatisha matibabu, likachagua maneno yanayosema tu kwamba amepotea katika ufuatiliaji. Katika vituo vingi, hata hivyo, "mtoro" bado ni jina la kawaida. Mtoro hutafutwa ili aadhibiwe. Aliyepotea hutafutwa ili arudishwe.

Mama wa Lizaboni atarudi tena, pengine akiwa amechelewa. Siku hiyo dakika mbili za muuguzi zinaweza kutumika kwa lawama, ambayo ameshaisikia, au kwa swali: "Ni nini kilichokukwamisha, mama, na kadi hii tuitafutie msumari wapi nyumbani kwako?" Dakika ni zilezile, lakini swali humpa mama njia ya kurudi kliniki mwezi ujao.