Bidoni tatu juu ya bwawa la samaki

Juma lililopita wamama watatu walitusimamisha njia ya kutoka shule, wote na ulizo moja: maji ya bwawa dogo nyuma ya nyumba yananuka, samaki wanapanda juu alfajiri wakifungua midomo, tufanye nini? Tunajibu hapa, lakini tutaanza na kosa letu wenyewe, maana wengi wenu mmesikia nusu tu ya habari ile.

Mnakumbuka tulichukua pesa ya likelemba tukanunua watoto wa tilapia 100. Tuliwatia ndani ya bwawa la simenti la metre 3 kwa 2, maji yakiwa na kina cha sentimetre 80. Watoto wa mwaka wa sita walitufanyia hesabu: lita 4.800, yaani bidoni 240 za lita 20. Baada ya miezi miwili maji yakaanza kunuka kama mkojo. Tukajenga chujio la bidoni na vipande vya matofali, na juu yake, ili kushika takataka, tukaweka kipande cha chandarua kipya. Asubuhi ya tatu tuliokota samaki 61 wamekufa, tumbo juu.

Maneno yakaanza palepale. Nani amemwaga sumu? Jicho likamwendea mama mmoja jirani ambaye tulikuwa tumegombana naye kwa ajili ya mbuzi. Yeye akaacha kuja kwenye likelemba, na hatukumlaumu. Kumbe sumu tuliiweka sisi kwa mikono yetu. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa dawa ya kuua mbu, kama deltametrini. Kwa mtu anayelala ndani yake hakuna hatari, lakini kwa samaki dawa hiyo ni kali sana, hata ikiwa kidogo mno. Tulimwaga maji juu ya kile kitambaa siku tatu mfululizo, dawa ikashuka bwawani. Tulikwenda kwa yule mama kuomba msamaha, nasi tunaurudia hapa mbele ya wote. Basi chandarua kisiingie bwawani, kiwe kipya au cha zamani, wala kisifuliwe kwenye kijito ambacho maji yake yanakwenda kwa samaki wa mwingine.

Sasa chujio lenyewe. Tumelijenga upya na linafanya kazi.

Kwanza tuelewe uchafu ni nini. Samaki anatoa amonia kwa njia ya mashavu yake na kwa kinyesi, na chakula kilichobaki kinaoza na kuongeza nyingine. Hiyo amonia ndiyo inayomchoma. Lakini kuna bakteria wadogo, hawaonekani kwa macho, ambao wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni mbaya, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na mimea inaipenda. Bakteria hao wanahitaji mahali pa kushikamana, unyevu na hewa. Chujio ni nyumba yao. Wengi tunafikiri chujio ni kama kitambaa cha kuchujia mawese, kinachoshika takataka tu. Kushika takataka ni kazi yake ndogo.

Tulichukua bidoni tatu za manjano za lita 20, zile zilizopasuka kwenye shingo ambazo hazifai tena kwa maji ya kunywa. (Iliyobeba petroli au dawa ya shamba, hapana, hata ukiiosha mara kumi.) Tulikata juu, tukatoboa chini matundu mengi kwa msumari uliotiwa motoni. Tukasimamisha kichanja cha miti juu ya ukingo wa bwawa, bidoni moja juu ya nyingine, zikiachana kidogo ili maji yapite hewani. Ya juu ina kipande cha gunia la mchele lililooshwa vizuri, na chini yake vipande vikubwa vya tofali. Ya katikati ina vipande vya tofali vya ukubwa wa karanga. Ya chini ina chupa za plastiki zilizokatwa vipande vidogo pamoja na vifuniko vyake. Mawe kwetu ni shida kuyapata, lakini tofali lililochomwa vizuri lina vitundu vingi, na bakteria wanavipenda. Tofali bichi litayeyuka kuwa matope. Vifuu vya ngazi tulivijaribu, vikaacha ngozi ya mafuta juu ya maji, tukaviondoa. Makala pia wengi wanayaweka kwa kuzoea chujio la maji ya kunywa. Hayadhuru, lakini yanachoka upesi, na bwawa linaweza kuishi bila hayo. Waambieni watoto kwamba maji yakitoka hapo yakiwa meupe bado si ya kunywa.

Umeme hatuna, pampu hatuna. Tunachota bwawani na kumwaga juu, bidoni kumi alfajiri na kumi jioni. Alfajiri ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu usiku hewa iliyomo ndani ya maji inapungua, na saa ile kabla ya jua ndiyo mbaya kuliko zote; maji yakidondoka kama mvua yanarudisha hewa. Tunafunika kichanja kwa majani ya ndizi ili chujio lisikauke mchana.

Halafu mngoje. Bakteria wanachukua majuma 4 mpaka 6 kujaa. Majuma hayo wapeni samaki chakula kidogo, kile wanachomaliza kwa dakika kumi, iwe mchwa au pumba ya mchele. Na tafadhali msioshe chujio kwa sabuni! Tunawajua, sisi wote tunapenda sufuria inayong'aa. Gunia la juu lioshwe kila juma. Vipande vya tofali vikiziba, visuuzeni kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, nusu leo na nusu juma lijalo. Yale maji machafu ya kusuuzia myamwage kwenye lengalenga. Zetu zimenenepa kweli.

Lakini bidoni ishirini kwa siku, katika 240, ni kidogo. Chujio kama hili haliwezi kubeba samaki 100. Sasa tunao 15 tu. Mwenye bwawa la udongo bondeni, ambako kijito kinaingiza na kutoa maji, hahitaji chujio hata kidogo: kwake maji ya kijani ni chakula cha tilapia. Tia mkono ndani mpaka kiwiko. Usipoona kiganja chako, maji yako yana chakula cha kutosha. Usijaribu kuyafanya meupe.

Na kuna jambo moja tunaloliona sisi tunaofundisha. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari inatungoja na gharama zake, na wengi mlichimba bwawa kwa ajili hiyo. Sasa asubuhi kengele ikilia, wanaochelewa ni wasichana, nguo zimelowa mpaka magoti. Ukiuliza: "Nilikuwa kwenye samaki, mwalimu." Kaka yake amekwisha kukaa darasani, kavu. Kwetu tumegawa: wavulana alfajiri, wasichana jioni, na Jumapili ni baba. Baba alinung'unika majuma mawili. Kama nyumbani hakuna mikono ya kutosha, ni afadhali kupunguza samaki kuliko kupunguza masomo ya msichana, au kusubiri nafasi bondeni.

Jumamosi baada ya mkutano tutajenga lingine pamoja, kwa yule mama jirani. Amekubali. Kila mmoja alete bidoni moja iliyopasuka na tofali mbili za kuvunja. Chandarua kibaki kitandani.