Programu za Simu Ziache Kutudanganya

Mwishoni mwa muhula uliopita, nikiwa ndani ya matatu, niliingiza alama za wanafunzi 44 katika programu ya simu tuliyopewa shuleni. Ikanijibu, "Zimetumwa." Asubuhi yake niliulizwa mbele ya walimu wenzangu kwa nini sijawasilisha chochote. Mtandao ulikuwa umepotea tulipoteremka bondeni, na programu ile haikuwa na habari.

Siulaumu mtandao. Kupotea kwake ni jambo la kila siku, na programu isiyolitarajia haijakamilika. Ninaowalaumu ni waundaji wanaong'ang'ania mbinu ya zamani, ambapo programu iliyolala hungoja simu itangaze kwamba mtandao umebadilika, ndipo izinduke. Tangazo hilo lilikuwa likiamsha programu chungu nzima kwa wakati mmoja na kumaliza betri. Ndiyo sababu mwaka 2016 Android 7.0 iliacha kuziamsha kwalo programu zilizoundwa kwa toleo hilo, na mwaka 2017 Android 8.0 ikazidi kubana kazi zinazoendeshwa kichinichini. Sioni kosa hapo. Mtu anayelipia kuchaji simu dukani ana haki juu ya betri yake.

Isitoshe, njia nyingine imekuwapo tangu Android 5.0 ya mwaka 2014: programu huukabidhi mfumo wa simu kazi yake, kwa sharti kwamba itekelezwe mtandao utakapopatikana, kisha ikalala.

Hata hivyo, kuwapo kwa mtandao si kufika kwa ujumbe. Nani hajaona ishara ya mtandao imejaa ilhali bando limekwisha na hakuna kinachopita? Tangu mwaka 2015 mfumo huo waweza kuieleza programu iwapo intaneti imethibitishwa kufikika. Lakini hakikisho la kutegemewa ni jibu la kompyuta iliyopokea. Kabla jibu hilo halijarudi, programu yapaswa kusema, "Zinasubiri."

Walimu wenzangu wa kompyuta, sisi nasi tuna lawama. Twafundisha katika maabara ambamo mtandao haukatiki, na programu ikifanya kazi mara moja twaitia alama ya vyema. Siku hizi mimi huwaamuru wanafunzi wazime data katikati ya kutuma, wangoje, kisha waiwashe. Wananung'unika, na kazi nyingi huanguka papo hapo. Muhula huu atakayeshindwa na jaribio hilo hapiti kwangu, na alama zake nitaziandika kwanza kwa kalamu.