Mtoto Asiyetulia Leo, Kijana Asiyeinuka Kesho

  

Jamaa zetu wengi waliopanda Nairobi kwa kazi, biashara na masomo wamepanga Ngara na mitaa iliyo jirani nayo. Mji uko karibu, shule ziko karibu, na msikiti wa Park Road uko pale pale. Wazazi wa huko, kama wa huku pwani, hawaishi kuuliza suala moja. Mtoto wa miaka saba au minane hakai kitini, hamalizi kazi ya shule, hukatiza maneno ya wakubwa, hupoteza kalamu kila siku, na chuoni ustadh amekwisha kuchoka naye. Afanyweje? Jawabu linalotolewa majumbani mara nyingi ni hili: akatazwe kucheza mpaka atulie.

Safu ya leo inakusudia kueleza kwa nini jawabu hilo halimfai mtoto. Tunauogopa utukutu wa miaka saba, ilhali jambo la kuogopwa zaidi huja miaka minane baadaye, pale mtoto yule yule anapokuwa kijana asiyeinuka kwenye kochi.

Kwanza tuelewane juu ya hali yenyewe. Utundu ni tabia ya utoto, wala si kila mtoto mchangamfu ana maradhi. Lakini wako watoto, takriban watano katika kila mia duniani, ambao umakini wao ni mdogo na utukutu wao umepita kiasi cha umri wao. Madaktari huiita hali hiyo kwa herufi ADHD. Hawaithibitishi kwa siku moja. Hutazama kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, kama zilianza kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia. Mtoto anayetukutika kwa mwalimu mmoja tu, au tangu wazazi walipotengana, huenda ana jambo jingine linalomsumbua.

Hali hii ni ya maumbile ya ubongo, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Haisababishwi na jini, wala na mama aliyeshindwa kulea. Dada zangu, nasisitiza hili kwa sababu lawama ya kwanza huwaangukia ninyi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalitarajii. Nchini Finland, watafiti waliwafuatilia maelfu ya watoto waliozaliwa kaskazini mwa nchi hiyo karibu na mwaka 1986. Walipokuwa na umri wa miaka minane hivi, walimu wao walieleza tabia zao. Walipofika miaka 16 walitazamwa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wale waliokuwa na dalili za kutotulia na kukosa umakini utotoni ndio walioelekea zaidi kuwa vijana wasiofanya mazoezi, na walioelekea zaidi kuwa na unene wa kupindukia. Likaonekana na jambo la pili: mtoto aliyecheza michezo ya mwili kidogo utotoni alielekea zaidi kuwa na tatizo la umakini alipobaleghe.

Utafiti wa namna hii hauhukumu mtoto mmoja mmoja, wala hauthibitishi peke yake kwamba jambo hili ndilo lililozaa lile. Lakini unatosha kumzindua mzazi. Yule tuliyedhani ana mwendo mwingi kupita wenziwe ndiye anayeweza kuwa na mwendo mchache kupita wenziwe akifika kidato.

Vipi iwe hivyo? Tafakari maisha yake. Mchezo wa watoto wadogo hauna masharti mengi; mtoto hukimbia tu. Akifika miaka kumi na mbili, mchezo huwa na timu, zamu, kanuni na kocha. Mtoto mwenye hali hii huona uzito kungoja zamu. Husahau viatu, huchelewa mazoezini, hukasirika akifungwa. Wenziwe humwacha nje. Baadhi yao pia viungo vyao haviko wepesi kama vya wenzao, wakachekwa. Utukutu wa nje nao hupungua kadiri mtoto anavyokua, lakini kukosa umakini hubakia. Basi kijana hukimbilia pale pasipo na kungoja wala kuchekwa, yaani kwenye simu. Simu humpa furaha kila sekunde, na mkono wa pili umeshika kibanzi.

Ongeza juu ya hayo kwamba sisi wenyewe, tangu akiwa mdogo, tulimfundisha kuwa mchezo ni kitu cha kunyang'anywa. Kila alipokosea tulisema, "Leo hutoki." Mtoto huyu hukosea mara nyingi kuliko wenziwe, kwa hiyo hufungiwa mara nyingi kuliko wenziwe. Ndiye aliyehitaji zaidi kukimbia, na ndiye aliyekatazwa zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa dakika 20 tu za mazoezi ziliwasaidia watoto wa miaka 8 hadi 10 wenye hali hii kutulia kimawazo, wakafanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu baada yake. Basi mzazi anayemfungia mtoto ndani ili asome, huenda amemwondolea kile ambacho kingemsaidia kusoma.

Tukiirudia Ngara, tatizo linaonekana kwa macho. Mtaa huu, uliokaliwa tangu enzi za ukoloni na familia nyingi za Kihindi, ulikuwa na nyumba za chini zenye nyua. Leo nyua zinaliwa na maghorofa. Katika Park Road peke yake mradi wa serikali umejenga nyumba 1,370 za ghorofa. Watu wamepata makao, alhamdulillahi, lakini mtoto anayeishi ghorofa ya saba hawezi kutoka tu mlangoni akakimbia. Chini kuna magari, na mama ana haki ya kuogopa.

Ngara si pekee. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule wa Nairobi wa miaka 9 hadi 11 ulikuta kuwa takriban mmoja tu katika kila wanane ndiye aliyefikia dakika 60 za mwendo wa nguvu kwa siku. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa umri wa miaka 5 hadi 17. Duniani kote, kwa hesabu za mwaka 2016, vijana 81 katika kila 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17 hawakukifikia. Kwa wasichana walikuwa 85.

Hapa nina neno mahsusi kuhusu binti zetu. Msichana mwenye hali hii mara nyingi hapigi kelele. Huketi kimya, macho dirishani, mawazo mbali. Mwalimu humwita mzembe na hakuna anayempeleka kupimwa. Akivunja ungo, huambiwa kwamba mbio zimekwisha. Stara ni wajibu, lakini stara haikuwahi kuwa na maana ya kutojongea. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara moja akashindwa yeye na mara nyingine akamshinda. Hata viwanja vya dunia vimelitambua hilo: FIFA iliruhusu hijabu katika kandanda mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani likafuata mwaka 2017. Akina mama wa jengo moja wakikubaliana, saa moja ya jioni katika ukumbi au ua uliofungwa yatosha kwa kuruka kamba, kucheza kati na kunyoosha viungo, mabinti na mama zao pamoja.

Maustadh nao wana sehemu yao. Mtoto wa mjini huamka kabla ya alfajiri kungoja basi la shule, hukaa darasani hadi alasiri, kisha huja chuoni akaketi tena. Jumamosi na Jumapili, ambazo wenziwe hucheza, yeye yuko mkekani. Sisemi madrasa ipunguzwe. Nasema ipangwe. Kila baada ya nusu saa watoto wasimame, wanyooshe miguu, warudi. Yule asiyetulia apewe kazi ya kugawa misahafu, kufuta ubao, kuleta maji. Aachwe ahifadhi akiwa amesimama au akiyumbayumba. Tangu zama watoto wa chuo wa pwani husoma wakiyumba, na hawakukosa kuhifadhi. Bakora haitibu ubongo, na sheria ya elimu ya msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imeipiga marufuku shuleni. Tukumbuke pia kwamba Mtume (s.a.w.) alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, akachelea kumharakisha. Huyo ni mtoto aliyecheza ndani ya Swala, wala hakukemewa.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kukunja si kuvunja. Kwa mzazi wa Ngara, au wa Majengo, Old Town na Malindi, napendekeza mambo haya.

Usifanye mchezo kuwa adhabu. Akikosea, mwondolee simu au televisheni, lakini usimwondolee mbio zake. Mpe nafasi ya kucheza kabla ya kazi ya shule, siyo baada yake.

Tafuta uwanja na umpeleke mwenyewe. Kwa Ngara, upo uwanja wa Sir Ali Muslim Club, ipo bustani ya Michuki kando ya mto Nairobi, na mbele kidogo, Parklands, ipo City Park. Baba akienda naye Swala ya jamaa kwa miguu na kurudi, mwendo huo nao umehesabika, na ngazi za ghorofa ni afadhali kuliko lifti.

Mchagulie mchezo usio na kungoja kwingi. Kuogelea, mbio, karate na baiskeli humfaa mtoto huyu kuliko timu ambayo huketi benchi. Akishapata anachokipenda, kilinde hasa kati ya miaka 11 na 16. Huo ndio wakati vijana wengi huacha, kwa kisingizio cha mitihani.

Na ukiziona dalili zile nilizozitaja, mpeleke akapimwe. Hospitali za Mathari na Kenyatta zina madaktari wa akili, na taasisi ya elimu maalumu ya KISE iliyoko Kasarani hupima watoto wenye matatizo ya kujifunza. Dua na kisomo haviikatai hospitali. Ikiwa daktari ameandika dawa, mazoezi huongezewa juu yake. Usiikatishe bila ya kumwuliza.

Mtoto huyu ni amana kama nduguze waliotulia. Nguvu aliyoumbwa nayo inataka njia ya kupita, na mzazi ndiye mwenye kuifungua au kuiziba. Tukiiziba akiwa na miaka saba, tusije tukashangaa kumkuta ameketi akiwa na miaka 16.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, awape afya ya mwili na akili, na atupe sisi subira ya kuwalea. Amin. Wabillahi tawfiq.