NYUMBA NA KIWANJA CHAKE

Wenzetu kadha wa kadha wamo mbioni kununua nyumba, na twawasikia wakidhani ya kuwa bei aitajayo dalali ndiyo thamani yake. Sivyo. Dalali husema atakalo muuzaji. Mthamini hutazama kuta, paa, mahali, na bei zilizokwisha lipwa kwa nyumba za jirani. Tena huuliza: kiuzwacho hasa ni nini?

Hapa Unguja swali hilo ni la zamani. Watu wa Ng'ambo walijenga vibanda vyao juu ya viwanja vya wengine, na kodi ya kiwanja ikazidi kupanda, hata mwaka 1928 wakagoma kuilipa. Shamba nalo ni vivyo hivyo: minazi yaweza kuwa ya huyu na ardhi ya yule. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikafanywa mali ya umma. Sheria ya 1992 humpa mtu haki ya kuitumia tu.

Na anunuaye nyumba ya mawe Mji Mkongwe akumbuke kwamba kuitengeneza kwahitaji idhini ya Mamlaka, na boriti iliyooza hufichwa vizuri sana na chokaa mpya. Twawaomba wenzetu waione hati na kumlipa mthamini wao wenyewe kabla ya kuufunga mshahara kwa mkopo wa miaka mingi.