Damu ya Mtoto na Wajibu wa Baba



Ndugu wasomaji, Ijumaa moja ya mwezi uliopita tulisoma baada ya Sala tangazo ambalo hakuna katibu wa msikiti anayependa kulisoma. Mtoto wa muumini mwenzetu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa amelazwa na alihitaji kuongezewa damu. Alhamdulillah, vijana sita wa hapa Naliendele walikwishapanda bodaboda kwenda mjini kabla mikeka haijakunjwa, na mtoto amerejea nyumbani.

Baba yake alipokuja kutoa shukrani alitueleza jambo lililotusumbua. Kwa majuma kadhaa alikuwa akimnunulia mtoto dawa ya kuongeza damu dukani, chupa baada ya chupa, bila kumpeleka kupimwa. Kumbe kilichokuwa kikiimaliza damu ile ni malaria.

Hatumlaumu, kwani wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, yaani kipimo chao kilikuwa chini ya gramu 11. Basi chupa ya dukani huonekana kuwa njia ya mkato. Lakini ndugu zetu wa Pemba wana habari ya kutuonya. Mwaka 2002 na 2003 maelfu ya watoto wadogo kisiwani humo walipewa vidonge vya madini ya chuma kila siku, bila kutazama nani ana upungufu na nani hana. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, ilibainika kuwa waliopewa madini hayo walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao, na zoezi lilikuwa limekwisha kusimamishwa. Hata hivyo, katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likapimwa na kutibiwa malaria ipasavyo, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Dawa ile si sumu. Hatari imo katika kuitoa kwa kubahatisha palipo na malaria, na Mtwara yetu ni mahali pa malaria.

Kwa hiyo viganja vya mtoto vikipauka, na ndani ya kope la chini pakawa peupe, akachoka upesi au akawa anakula udongo, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Apimwe wingi wa damu na malaria. Aulizwe daktari kuhusu safura, minyoo inayonyonya damu utumboni, na kuhusu selimundu ikiwa imo katika ukoo. Dawa za minyoo hutolewa kwa watoto kuanzia mwaka mmoja, mwezi wa Juni na Desemba, pamoja na matone ya vitamini A. Anayekosa siku hiyo kwa sababu ya palizi au msimu wa korosho amekosa jambo kubwa.

Sasa tuingie jikoni. Sura al-Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Wapo wanaoifahamu kana kwamba maziwa ya mama yanatosha kwa miaka yote miwili. Aya haikusema hivyo. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyowekewa tumboni, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba, na afikapo miezi sita akiba hiyo huwa imepungua sana, wala maziwa peke yake hayawezi kuijaza. Aya hiyohiyo inamwekea baba jukumu la kumlisha mama kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Sehemu hii hatuisikii ikisomwa sana barazani! Mama mjamzito akila mihogo mitupu, akiba ya mtoto huanza kupungua kabla hajazaliwa.

Uwezo wetu si mdogo kama tunavyodhani. Dagaa waliosagwa huingia katika uji wa mtoto wa miezi sita. Kunde, mbaazi na karanga tunalima wenyewe, na kisamvu kipo uani. Chuma chake hushika vizuri zaidi mwilini kikiliwa pamoja na limau, embe au papai. Kuku akichinjwa, katika nyumba nyingi firigisi na maini huwa haki ya baba. Tunawaomba akina baba wawaachie watoto yale maini.

Iko pia chai ya rangi. Majani ya chai huzuia mwili usichukue chuma kilichomo katika chakula, na sisi humpa mtoto kikombe chake pamoja na muhogo wa asubuhi. Hapa kamati yenu inapaswa kukiri: kwa miaka mingi tumewanywesha chai wanafunzi wadogo wa madrasa kila Jumamosi, tukiona tunatenda hisani. Kikao kimekubaliana kuiondoa, na mahali pake pamewekwa uji wa mtama wenye karanga.

Jumamosi ya kwanza watoto waliuliza chai imekwenda wapi. Wawili walinuna hadi mwisho wa darsa. Waliosalia walirudisha vikombe wakiomba waongezewe.