Kiolezo cha Bure Kimkae Mwenyewe

Kila mwaka vijana wa tarafa ya Rugerero, wilayani Rubavu, humaliza masomo ya sekondari na ya ufundi na kuanza kutafuta kazi. Wengine hubisha hodi katika mahoteli ya ufukweni mwa Ziwa Kivu, wengine katika kiwanda cha bia cha Bralirwa au cha chai cha Pfunda, na wengine katika maduka ya mji wa Gisenyi. Kitu cha kwanza ambacho waajiri wengi hukidai ni umwirondoro, yaani wasifu wa kazi: karatasi yenye jina la mwombaji, elimu yake, kazi alizozifanya na ujuzi alio nao.

Vijana wengi huanza na kiolezo cha bure kilichopatikana kwenye intaneti. Hapana ubaya, kwani kiolezo humwonyesha mtu mpangilio na kumwokolea muda. Lakini kiolezo hicho kilitengenezwa mbali, kwa ajili ya mtu mwenye maisha mengine. Nafasi kubwa kuliko zote imeachwa kwa kichwa "Uzoefu wa Kazi", na kijana ambaye hajapata kuajiriwa huitazama nafasi hiyo kwa aibu. Mmoja huiacha tupu. Mwingine huijaza uongo. Wote wawili hujinyima kazi. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hapana budi kiolezo kikatwe na kushonwa upya mpaka kimkae mwenyewe.

KUCHAGUA

Violezo vya bure vimo ndani ya programu za Microsoft Word na Google Docs. Umoja wa Ulaya nao una kiolezo chake kiitwacho Europass, ambacho hujazwa bure kwa lugha nyingi, Kiingereza na Kifaransa zikiwamo. Yafaa kuchagua kiolezo chenye safu moja ya maandishi, wino mweusi na mapambo machache. Rangi nyingi hupoteza sura karatasi inapochapwa kwa mashine ya wino mweusi tu, na safu mbili huweza kuvurugika zinaposomwa na programu ambazo baadhi ya makampuni huzitumia kuchambua maombi.

Aidha, si kila kinachoitwa cha bure ni cha bure. Zipo tovuti zinazomwacha mtu ajaze kila kitu, kisha humdai fedha anapotaka kuipakua karatasi yake. Dawa yake ni rahisi: kijana aandike kwanza jina lake tu, ajaribu kuipakua, na akishindwa atafute kwingine kabla hajapoteza siku nzima.

KUFUTA

Violezo vingine huuliza dini, hali ya ndoa na majina ya wazazi. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ukoo, jinsia, dini au eneo anakotoka. Mambo ambayo mwajiri hapaswi kuyapima, mwombaji hana haja ya kuyatanguliza. Picha nayo iwekwe pale tu inapotakiwa. Namba ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 16, isiandikwe katika wasifu, kwani karatasi ya maombi hupita katika mikono mingi, itatolewa itakapodaiwa. Jina, namba ya simu, anwani ya barua pepe na maneno "Rugerero, Rubavu" yatosha.

KUJAZA KWA KWELI

Kichwa "Uzoefu wa Kazi" kinaweza kubadilishwa kuwa "Kazi na Huduma", na elimu ikapandishwa juu yake. Chini ya kichwa hicho kipya, kijana aliyejiona hana kitu huenda akagundua kwamba anavyo vingi. Yamo mafunzo ya kazini aliyoyafanya akiwa shule ya ufundi, ambayo wengi huyaita stage. Imo huduma ya Urugerero, ambayo wahitimu wa sekondari huitoa kwa taifa. Imo pia kazi ya duka la shangazi, na uweka hazina wa ikimina au wa kwaya.

Kila jambo lielezwe kwa kitendo, idadi na muda. Maneno kama "mchapakazi, mbunifu, mwenye kujituma" huja tayari katika violezo, na kwa sababu hiyo yamo katika karatasi za maelfu ya watu. Lakini msichana anayeweza kuandika kwamba alipokea na kuhesabu michango ya wanachama 20 kila Jumamosi kwa mwaka mzima bila upungufu, amemwambia mwenye duka jambo ambalo kiolezo hakikulijua.

Kadhalika, cheti kitajwe kwa namna ambayo msomaji wake ataielewa. Mwajiri wa Rwanda huielewa A2 mara moja. Yule wa Kampala au Nairobi huenda asiielewe, na yafaa aandikiwe kuwa ni cheti cha kumaliza sekondari.

LUGHA ZIPANDE JUU

Katika violezo vingi lugha huwekwa mwisho, pembeni, kama pambo. Kwa kijana wa Rugerero hilo ni kosa. Mji wa Goma uko ng'ambo tu ya mpaka, na Kiswahili ni lugha ya biashara ya huko. Nchini Rwanda kwenyewe Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017. Anayeweza kumhudumia mteja kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, na kuandika barua kwa Kiingereza, aseme hivyo katika mistari ya juu, na aeleze lugha ipi anaizungumza, ipi anaisoma na ipi anaiandika.

KILA KAZI NA WASIFU WAKE

Karatasi moja haifai kupelekwa kila mahali. Hoteli hutaka kuona kwanza lugha na huduma kwa wageni; kiwanda hutaka ufundi na ushikaji wa saa; duka hutaka hesabu na uaminifu. Mnamo mwaka 1482 hivi Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, barua ya kuomba kazi. Kwa kuwa mtawala huyo alihitaji zana za vita, Leonardo alitanguliza ujuzi wake wa madaraja na mizinga. Uchoraji, uliomletea sifa duniani, aliutaja mwishoni.

KABLA YA KUPELEKA

Wasifu wa anayeanza kazi uishie ukurasa mmoja. Uhifadhiwe kama PDF ili mpangilio usibadilike, na faili ipewe jina la mwombaji. Nakala yake, pamoja na picha za vyeti, zitunzwe pia katika barua pepe. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba nyingi wilayani Rubavu. Karatasi iliyo ndani ya sanduku haishindani na maji.

Hatimaye mzazi naye ana sehemu yake, hata kama hajui kompyuta. Kijana na amsomee wasifu wake kwa sauti, na mzazi aulize juu ya kila mstari: lini, wapi, pamoja na nani? Mzazi atakumbuka kazi ambazo mwanawe amezisahau. Na mstari ambao kijana hawezi kuueleza mbele ya mama yake ufutwe, kwa sababu hataweza kuueleza mbele ya mwajiri.