OILI CHAFU NA MIKONO YETU



Wengi wetu twabadilisha oili ya gari wenyewe ili kuokoa fedha. Ni jambo jema, lakini tulifanye kwa usafi.

Oili iwe vuguvugu, si ya kuchoma, nayo itatoka upesi pamoja na uchafu wake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara. Debe lililokatwa ubavu mmoja ni chombo kizuri cha kukingia. Tena vaa glavu.

Kwa nini glavu? Mwaka 1922 madaktari wa Manchester, Uingereza, walieleza habari za kansa ya ngozi iliyowapata wafanya kazi wa viwanda vya pamba ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine. Oili iliyokwisha kutumika nayo yaweza kuleta kansa ya ngozi. Basi usitie tambara la oili mfukoni, wala usinawe kwa petroli. Na usiimwage mtaroni, maana huishia mtoni. Itie mtungini uipeleke gereji wanakoikusanya.

Na kazini je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Glavu si zawadi, ni haki. Ukinyimwa, mwambie mjumbe wa chama.